Liwali: cheo tulichomsingizia Mjerumani

Uliza liwali ni nani, na wengi watakujibu kwamba aliletwa na Mjerumani, pamoja na kodi na viboko. Si kweli. Mjerumani alimkuta.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, al-wali, mwenye kushika madaraka ya mahali. Watu wa pwani wakalitamka kwa mkupuo mmoja, ile l ya al ikaganda humo, ikawa liwali. Ndiyo maana wingi wake ni maliwali. "Mawali" ni ya anayedhani li- ni kiambishi cha ngeli. Wali wa kwenye sinia haumo katika ukoo huu. Waliomo ni walii, yule wa kuzuriwa kaburini na yule wa kumwozesha binti, na ndugu mwingine tunayemtaja kila siku bila kumtambua: wilaya, yaani eneo lililo chini ya wali.

Wapo pia wanaomfanya liwali kuwa sultani mdogo. Kwa kanuni, hapana: aliteuliwa, na aliyemteua aliweza kumwondoa. Ila kumwondoa ilikuwa kazi nyingine. Waomani waliitwaa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, na baadaye uliwali ukaingia mikononi mwa ukoo wa Wamazrui. Utawala ulipobadilika huko Oman katika miaka ya 1740, liwali Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua mtawala mpya, Ahmad bin Said. Akauawa. Nduguye, Ali bin Uthman, akaikomboa ngome, na ukoo huo ukaishika Mombasa mpaka Seyyid Said, mtawala wa Oman, alipoung'oa mwaka 1837. Cheo cha kuteuliwa kikarithiwa kama kiti cha enzi! Hapo simlaumu anayechanganya.

Mjerumani naye aliweka maliwali kwenye miji ya pwani, na huko mashambani maakida, wenye majumbe, yaani wakuu wa vijiji, chini yao. Hasira iliyolipuka katika Maji Maji mwaka 1905 ilimwandama zaidi akida, msimamizi wa kodi na mashamba ya pamba. Kumbukumbu imewatia wote kapu moja.

Wengine humchanganya na kadhi. Kenya ya kikoloni ilimpa liwali mahakama yake, kweli, lakini kazi yake hasa ilikuwa utawala. Mwanachuoni wa sheria alikuwa kadhi. Leo ukifungua Katiba ya Kenya ya 2010, kadhi utamkuta ibara ya 170. Liwali hamo.