Dueli na kiapo: Marguerite hakugombewa

Juzi nimesikia tena mtu akiisimulia The Last Duel, ile filamu ya fahari ya Ridley Scott ya mwaka 2021, kwamba ni habari ya "makabaila wawili waliopigana dueli wakigombea mwanamke." Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na inaniuma, kwa sababu inalikosea neno na inamkosea mwanamke mwenyewe.

Dueli ni pambano la watu wawili wenye silaha, kwa miadi na kwa kanuni zinazojulikana. Wengi huishia hapo, kisha huongeza kwamba neno limetoka kwenye Kilatini duo, wawili. Sivyo. Duellum ni umbo la kale la bellum, yaani vita. Pale Warumi wa mwanzo walipotamka du, waliokuja baadaye walitamka b. Ndivyo duonus ilivyogeuka bonus, "-ema". Washairi wao waliendelea kulitumia duellum kwa ladha ya ukale, kama malenga wetu wanavyong'ang'ania maneno ya Kiamu hata pale Kiswahili cha kila siku kilipokwisha kuyaacha. Waandishi wa Zama za Kati ndio waliosikia duo ndani yake, wakaibana maana mpaka ikawa vita vya watu wawili.

Na hata wao hawakukusudia ugomvi wa heshima. Duellum yao ilikuwa njia ya kukata kesi. Jean de Carrouges na Jacques Le Gris, wale wawili wa filamu, walipambana Paris tarehe 29 Desemba 1386, katika uwanja wa monasteri ya Saint-Martin-des-Champs, mbele ya Mfalme Charles wa Sita, kwa amri ya Parlement ya Paris (ambayo, licha ya jina lake, ilikuwa mahakama, si bunge). Marguerite, mke wa Carrouges, alisema Le Gris amembaka. Le Gris alikana. Ushahidi haukutosha, basi ikaachwa Mungu aamue: atakayeshindwa ndiye mwongo. Carrouges angeshindwa, Marguerite angechomwa moto kwa kusingizia.

Hiki sisi tuna jina lake: kiapo. Si kiapo cha kuapishwa kazini. Ni kile cha zamani, cha kumpitisha mshukiwa kwenye hatari ili ukweli ujitokeze, kama kiapo cha shoka la moto cha Wamijikenda. Pambano la 1386 lina undugu na shoka lile kuliko na bastola za mabwana wa karne ya 19.

Kwa maana mabwana hao hawakuwa wakitafuta ukweli. Mwaka 1829 Wellington, akiwa waziri mkuu wa Uingereza, alimwita Lord Winchilsea kwenye dueli kwa sababu Winchilsea alimwandika vibaya juu ya suala la haki za Wakatoliki. Wellington alifyatua, risasi haikumpata mtu. Winchilsea akapiga hewani, kisha akatoa barua ya kuomba radhi. Yakaisha. Hakuna aliyeuliza nani alisema kweli. Ilitosha kwamba kila mmoja alisimama mbele ya bastola. Hakimu hakuwapo, wala hakutakiwa kuwapo, kwani sheria ilikataza. Scott huyohuyo aliitengenezea aina hii filamu yake ya kwanza, The Duellists, mwaka 1977, juu ya maofisa wa jeshi la Napoleon. Ukizitazama zote mbili, tofauti utaiona kwa macho.

Basi ukiisimulia tena ile ya 2021, naomba neno "kugombea" uliache. Sheria ya wakati ule haikumruhusu Marguerite kushtaki bila mumewe, ndiyo maana Carrouges ndiye aliyeshika upanga. Lakini shtaka lilikuwa la Marguerite, na siku ile alikaa uwanjani, amevaa nguo nyeusi, akisubiri hukumu.