Hewa ya darasani huamuliwa kwenye ramani

Mwanafunzi akisinzia saa nane mchana, lawama huangukia wali maharage. Kabla hajasimamishwa nyuma ya darasa, mwalimu atazame madirisha. Hewa ya nje ina hewa ya ukaa sehemu 420 hivi katika kila milioni. Ndani ikivuka 1,000, ujue watu wanavuta tena pumzi za wenzao, pamoja na vimelea vya mafua au kifua kikuu kama vimo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau lita 10 za hewa safi kwa kila mtu kwa sekunde. Chukua darasa la watoto 45, lenye urefu wa mita 9, upana 7 na kimo 3. Hewa yake yote inatakiwa kubadilika zaidi ya mara 8 kwa saa. Panga boi haliwezi hilo, linazungusha hewa ileile. Kiyoyozi cha ukutani nacho hupoza tu, na kibaya zaidi, kikishafungwa madirisha hayafunguliwi tena.

Upepo tunao. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki. Jengo ambalo kuta zake ndefu zimetazama kaskazini na kusini hupata pepo zote mbili kwa mshazari, na hapohapo hukwepa jua kali la asubuhi na jioni. Tatizo ni kwamba viwanja vya Dar vimebanana, na majengo mengi yanafuata barabara.

Halafu kuna madirisha yenyewe. Yakiwa upande mmoja tu, hewa huingia hadi umbali wa takriban mara mbili ya kimo cha chumba. Kwenye darasa letu ni mita 6, kwa hiyo wanaokaa ukuta wa mbali hawafikiwi vizuri. Nayo madirisha ya alumini ya kusukuma, ambayo sasa kila mkandarasi anayataka, hufunguka nusu tu, na wavu wa mbu hupunguza tena. Wasanifu wa miaka ya 1960, kabla viyoyozi havijaenea, walitumia varanda, vioo vya vipande na matofali ya matundu. Sioni aibu kuwarudia.

Kupima ni rahisi. Washa kijiti cha udi katikati ya darasa, milango na madirisha yakiwa kama yanavyokuwa siku zote. Moshi ukipanda wima na kutanda chini ya siling bodi, hewa imelala. Mara nyingi dawa ni fundi kutoboa matundu juu kwenye ukuta wa korido na kuweka matofali ya matundu.

Jiko la kuni na jenereta viwekwe magharibi ya madarasa, kwa kuwa kusi na kaskazi zote hutokea mashariki. Ila chungulia kwanza ng'ambo ya uzio: upande huo usije ukawa na madarasa ya shule jirani.