Kodi si pesa ya kutupa: dhana potofu za wanaohamia Nakuru

Wateja wanaohama Nairobi kuja Nakuru huniletea karatasi za nyumba wanayotaka kununua, na kabla sijafungua faili wengi wameshanieleza kwa nini wana haraka: "Nimechoka kutupa pesa kwa landlodi." Mimi ni mthamini wa mali. Kazi yangu ni kusema nyumba hii ina thamani gani leo, kwa hali iliyo nayo leo. Imani kwamba kodi ni pesa ya kutupa imewaumiza watu ninaowahudumia kuliko madalali wote wa mji huu, na nimeisikia kiasi cha kutosha. Tufanye hesabu.

Chukua nyumba ya vyumba vitatu ya shilingi milioni 6. Una milioni 1 yako, benki inakukopesha milioni 5 kwa riba ya asilimia 14. Mwaka wa kwanza riba peke yake inakaribia 700,000, yaani kama 58,000 kila mwezi, kabla deni lenyewe halijaguswa. Hiyo hairudi. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, kwa hivyo 240,000 nyingine, nayo hairudi. Ada ya wakili, ya uthamini, ya benki, bima ya mkopo, zote hazirudi. Sasa mwulize jirani anayepanga nyumba ya ramani ileile analipa ngapi. Katika mitaa mingi ninayokagua, kodi ni kama nusu ya ile riba, mara nyingine chini yake. Riba ni kodi pia, ila unapanga pesa badala ya nyumba. Na mpangaji wa nyumba anaweza kutoa notisi akaondoka.

Hapo mteja hunijibu, "Lakini mali haishuki bei." Bei anayotaja mwenye nyumba si bei ambayo mtu amelipa. Naona nyumba zikitangazwa mwaka mzima bila mnunuzi, kwa sababu watu wa kutoa milioni 6 hapa ni wachache kuliko Nairobi, na anayelazimika kuuza haraka hupunguza mpaka moyo unauma. Hata ukipata faida, kodi ya faida ya mtaji imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Msamaha upo kwa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza. Aliyekuja, akanunua, na baada ya mwaka akaona mji haumfai, hayumo.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa kila anayehamia ni mmoja, na sitaubadilisha: panga kwanza. Mwaka mzima ukiweza. Ukishindwa, hakikisha umevuka masika, Machi hadi Mei, ukiwa unaishi mtaa uleule unaotaka kununua. Waulizaji wangu wengi huja kukagua Januari, jua linawaka, vumbi limefunika kila kitu, na ploti zote zinafanana.

Nakuru imekaa kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kati ya Menengai na ziwa. Sehemu kubwa ya udongo wetu ni majivu ya volkeno, mwepesi, na maji yakipita chini yake huondoka nao. Kuna nyufa za ardhini, hasa upande wa magharibi wa mji, ambazo hufunguka mvua kubwa ikinyesha. Mwenye ploti hujaza mawe na udongo, hupanda mahindi juu, na mnunuzi wa Januari haoni kitu.

Nikiingia kwenye nyumba siangalii vigae wala makabati ya jikoni. Naenda chumba cha pembeni kabisa, nafungua mlango na kuufunga. Ukikwaruza sakafu upande mmoja na juu yake kukabaki mwanya, fremu imeshaenda upande. Kisha natoka nje na kufuata mistari ya mawe. Ufa unaopanda hatua kwa hatua kupitia viungo vya saruji, kama ngazi, unaniambia msingi umezama kona moja. Nikikuta ukuta mmoja una rangi mpya na mitatu ina rangi ya zamani, nasimama hapo kwa muda mrefu, na muuzaji huanza kuongea sana. Benki nayo hukopesha kwa kufuata thamani nitakayoandika, si bei mliyokubaliana. Nikiandika milioni 5.2 na wewe umeshaahidi 6, pengo unaliziba mwenyewe.

Mpangaji aliyekaa miezi minane mtaani anayajua mengi ya haya bila kunilipa. Anajua nyumba ambayo fundi huitwa kila baada ya mvua. Anajua barabara ambayo boda boda hukataa kuingia mwezi wa Aprili, siku ambazo maji ya mfereji huja, na saa ambayo upepo huleta harufu ya jalala. Taarifa hizo ndizo kodi inakununulia. Walionunua Mwariki karibu na Ziwa Nakuru miaka ya ukame wangezihitaji sana. Maji ya ziwa yalipopanda yalifuata nyumba za mawe, na hata lango kuu la zamani la mbuga yakalimeza. Wazee wa mtaa walikumbuka maji yaliwahi kufika wapi, lakini mnunuzi aliyeletwa kwa basi la kampuni ya ploti, akala nyama na kutia sahihi siku ileile, hakuwa na nafasi ya kuwauliza.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

"Kuna kisima ndani ya boma, maji si shida." Maji ya visima vingi vya kuchimbwa kwa mashine eneo hili yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limependekeza. Yanaonekana meupe na hayana ladha mbaya. Utayaona kwenye meno ya watoto waliokulia mtaani, madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii, maana maji yanapungua na floraidi inabaki ileile. Chujio la mkaa wa mifupa husaidia, likibadilishwa kwa wakati. Kama una mtoto mdogo ambaye meno ya ukubwani bado yanaumbika, peleka chupa ya maji hayo maabara kabla ya kuzungumza bei.

"Nakuru ni jiji sasa, bei lazima ipande." Hati ya jiji ilitolewa Desemba 1, 2021, tukawa wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Eldoret ikafuata 2024. Hati hiyo inahusu namna mji unavyosimamiwa. Haikuleta bomba la maji taka mpaka kwenye ploti yako. Uliza kama bomba limefika, na kama halijafika, tanki la maji taka liko wapi na liko umbali gani na kisima.

"Nitakuwa nikienda Nairobi mara mbili kwa wiki." Ni kilomita 160 hivi kwenda tu. Safiri Jumapili jioni, upitie msongamano wa Gilgil na Kinungi, halafu tuzungumze.

"Hati miliki ninayo na msako umetoka safi, basi yamekwisha." Msako kwenye masijala ya ardhi unaonyesha kilichoandikwa kwenye rejista siku hiyo. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, inaruhusu hati kupingwa ikiwa ilipatikana kwa ulaghai au kinyume cha utaratibu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, ilisema mnunuzi halindwi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, hata kama yeye alinunua kwa nia njema. Mwambie wakili afuate historia nzima, tangu shamba lilipokuwa moja, kabla ya kugawanywa ploti. Ikiwa bado ni ardhi ya kilimo, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ni lazima, na iombwe ndani ya miezi sita ya makubaliano. Na ikiwa unachoonyeshwa ni cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, ambavyo Nakuru vimejaa, hicho ni cheti cha uanachama. Ploti ileile inaweza kuwa na wenye vyeti wawili, watatu.

Mwisho, lipa mpima ardhi aliyesajiliwa, uliyemtafuta wewe, akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka, kwenye ploti kwa kulinganisha na ramani ya masijala. Muuzaji akikwambia utaonyeshwa ukishalipa amana, usilipe.