Daftari la Kijana "Mkorofi"

Kabla sijamwona akigusa mpira, nilikuwa nimeshapigiwa simu na makocha wawili walionionya juu yake. Mmoja alisema ni mvivu, mwingine kwamba hubishana na marefa na kususia mazoezi. Alikuwa na miaka 14, winga wa kushoto, na nafasi hiyo katika timu yetu ya vijana hapa Temeke ilikuwa wazi, kwa hiyo nilimpokea, ingawa nakiri kwamba wiki ya kwanza nilimtazama kama askari anavyomtazama mtuhumiwa, na kila kosa lake dogo nililihesabu kuwa ushahidi.

Kilichonitoa huko ni daftari. Neno "mkorofi" halimsaidii kocha, kwa kuwa halisemi ni lini, wapi na mbele ya nani. Nikaacha kuliandika, nikawa naandika nilichokiona tu: dakika, jambo lililotangulia na alichofanya. Baada ya mechi nne ilidhihirika kwamba karibu kila alipolipuka, mtu mzima alikuwa ametoka kumfokea kutoka kando ya uwanja, na mara mbili mtu huyo nilikuwa mimi. Kelele zetu zilipotulia, alilalamika kwa refa kama winga mwingine yeyote.

Uvivu nao ulikuwa na chanzo chake. Siku moja tukinyoosha viungo niliona kwamba anapopiga goti hushusha la kushoto tu, la kulia hulikwepesha. Nilipomwomba ashushe soksi, aliyokuwa ameivuta juu kabisa, nikakuta kinundu chini kidogo ya pia ya goti, na nilipokigusa alikunja uso. Mama yake alimpeleka hospitali, wakaambiwa ni hali iitwayo Osgood-Schlatter: katika kipindi cha kurefuka kwa kasi, kano inayounganisha misuli ya paja na muundi huvuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa, na kila kukimbia, kuruka na kupiga mpira huongeza maumivu. Kwa kawaida hali hiyo huisha mfupa unapokomaa, lakini mzigo wa mazoezi hauna budi kupunguzwa, nasi tukaondoa mazoezi ya kuruka na kumpumzisha baadhi ya siku. Nilimuuliza kwa nini hakusema. "Mwalimu, ningesema ungeniambia nakwepa," alijibu, na kwa kweli ningemwambia hivyo.

Haina maana kwamba alisamehewa kila kitu. Mwaka 2017 sheria za soka ziliruhusu, katika mechi za vijana na za ngazi ya chini, mchezaji atolewe nje kwa muda kisha arudi, muda huo ukiwa kati ya asilimia 10 na 15 ya mchezo mzima. Niliichukua kanuni hiyo nikaitumia mazoezini kwa wote: katika mchezo wa dakika 40, anayetukana au kubishana hukaa nje dakika tano, bila hotuba yangu, halafu anarudi. Kurudi huko ndiko nilikokutaka hasa, kwa sababu kijana huyu alikuwa amezoea kufukuzwa moja kwa moja, na mara ya kwanza dakika zake zilipokwisha aliendelea kukaa, akidhani namtania nilipomwita. Mazungumzo mazito tunayafanya baadaye, wawili tu, tukikusanya koni. Wenzangu hunikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sawa, ila sijaona anayemkunja samaki kwa kumpigia kelele.

Msimu huu ana kadi mbili za njano, moja kwa kubutua mpira mbali baada ya filimbi, na Jumamosi bado huchelewa. Wiki iliyopita kocha mmoja anayemtaka kwa mechi ya kirafiki alinipigia kuuliza kama ni mkorofi kweli. Nilifungua daftari nikamsomea dakika zote, pamoja na zile mbili zangu.