Kikashmiri si Kiurdu cha mitaani

Wengi hudhani Kikashmiri, lugha ya watu wa Kashmir kaskazini mwa India, ni lahaja tu ya Kiurdu, nzuri kwa bembelezi na nyimbo za harusi, lakini haiwezi kubeba fikra nzito. Maisha ya mshairi Rehman Rahi yanaikanusha dhana hiyo.

Rahi alizaliwa Srinagar, mji wa Kashmir, mwaka 1925. Alisomea Kiajemi na Kiingereza, na mashairi yake ya kwanza aliyatunga kwa Kiurdu, lugha ya magazeti na ofisi. Kisha akarudi kwenye lugha ya mama yake, na humo akaandika juu ya shaka, kifo na upweke wa binadamu wa leo. Hakuna aliyeweza tena kusema lugha hiyo ni ya wakulima tu. Aliitungia hata shairi la kuisifu, akiisemesha kama mtu. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Kashmir.

Dhana yenyewe ina chanzo: maandishi ya lugha zote mbili yanatokana na hati za Kiarabu na Kiajemi, na Kiurdu ndicho kilichotawala serikalini. Lakini sarufi haifanani. Katika Kiurdu kitenzi hukaa mwisho wa sentensi. Katika Kikashmiri, kwa kawaida hukaa nafasi ya pili. Na ushairi wake una mizizi mirefu: mshairi wa kike Lal Ded alitunga katika karne ya 14.

Rahi alikuwa mwandishi wa kwanza wa Kikashmiri kupata Tuzo ya Jnanpith, ile ya mwaka 2004, tuzo kubwa kabisa ya fasihi nchini India. Alifariki Januari 2023.