Jemu bila sukari: mbona yako inabaki uji

Kuna shosh mmoja wa pande za Bahati huja kliniki kila baada ya miezi mitatu, ana ugonjwa wa sukari miaka 11 sasa, na kwa kitabu chake cha vipimo kulikuwa na kitu kinanisumbua. Sukari ya damu asubuhi kabla ya kula 6, 6.4, 5.9, safi kabisa, alafu masaa mawili baada ya chai inaruka 14. Karibu kila siku. Nikamuuliza, shosh, hiyo chai unateremsha na nini? Akasema mkate silesi mbili na jemu, "lakini usijali daktari, hiyo jemu najipikia mwenyewe na asali, haina sukari."

Mimi si daktari, ni mtu wa lishe tu, lakini shosh hiyo hataki kusikia. Na stori ya asali naipata karibu kila wiki hapa Nakuru, kama si asali basi ni sukari nguru, ati juu ni ya kienyeji haina neno. Damu yako haijui kienyeji. Asali ni sukari, nguru ni sukari, hata juisi ya nanasi uliyochemsha ikakauka mpaka ikawa nzito ni sukari, na Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mwongozo wao wa 2015 waliweka asali na juisi kapu moja na ile sukari ya kilo ya dukani.

Sasa wengine wakishasikia hivyo wanaenda upande ule mwingine, wanatoa sukari yote, wanapika tunda peke yake, alafu wananipigia simu wakilia kwamba jemu imekataa kushika. Lazima ikatae. Sukari kwa jemu haikuwekwa ya utamu peke yake. Tunda lina gundi yake inaitwa pektini, mapera yanayo mingi, tufaha na limau pia, stroberi na nanasi zina kidogo, na hiyo gundi haishikani hivi hivi, inataka uchachu na inataka sukari mingi ya kuinyang'anya maji ndo nyuzi zake zikaribiane. Kwa jemu ya kawaida sukari inafika kama asilimia 60 ya chupa nzima, angalia lebo utaona, mara nyingi inatajwa ya kwanza au ya pili. Na hiyo hiyo sukari ndo inafanya jemu ikae miezi kwa kabati bila kuharibika, juu maji yote imeyashikilia, kuvu inakosa hata tone la kunywa.

Kuna siku nilitaka kujifanya fundi, nikanunua kipima joto cha jikoni, nikafuata maelezo ya Waingereza kwamba jemu iko tayari ikifika nyuzi 105. Hawakuniambia hiyo ni ya watu wanaoishi karibu na bahari. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu, maji yenyewe yanachemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hivyo jemu yetu iko tayari ikifika kama 99. Mimi huyo nikangoja 105. Mwiko ulisimama wima peke yake katikati ya sufuria, nikaloweka siku mbili, nikasugua na waya, na bado ile sufuria ina duara jeusi pale chini mpaka leo.

Lakini ukipika bila sukari hata hiyo 99 huioni, tunda na maji yake litachemka pale pale kwa 94, unakoroga nusu saa, bado uji, bado uji, alafu unageuka kuchukua simu na ukirudi imeungua chini. Kwa hivyo achana kabisa na kungoja pektini. Tafuta kitu kingine cha kushika maji, na chenye mimi hutumia ni chia, zile mbegu ndogo nyeusi ambazo siku hizi hata wakulima wetu wanalima. Mbegu moja inakunywa maji mpaka mara kumi ya uzito wake na kujivika utelezi, na huo utelezi ndo jemu yako. (Usizimeze kavu kijiko kizima ukashushia maji, zinaweza kufura kooni.)

Chukua stroberi robo kilo, za pale soko la Wakulima zilizoiva mpaka mwenye kuuza anakupunguzia bei ndo tamu zaidi. Kata vichwa, weka kwa sufuria na vijiko viwili vya maji, moto mdogo, funika dakika tatu zitoe maji yake, alafu ponda na mgongo wa mwiko uache vipande vipande. Zikichemka kama dakika tano zingine zima moto, kamua limau kijiko kimoja, mwaga chia vijiko viwili vya mezani huku ukikoroga, la sivyo zitashikana madonge kama ugali wa mtu anayejifunza. Hapo utaona ni majimaji na utatamani kuongeza chia. Usiongeze! Ngoja dakika 15, koroga tena, itakuwa inaanguka kutoka kwa kijiko polepole kama maziwa mala.

Hesabu yake iko hivi: stroberi gramu 250 zina sukari yake ya asili kama gramu 12, na umetoa vijiko kama 16, kwa hivyo kijiko kimoja hakifiki hata gramu moja. Kijiko kama hicho cha jemu ya dukani kina gramu 12 hivi. Ukitumia embe itapanda, embe lina karibu mara tatu ya stroberi, si haramu, pima tu. Wale hawawezi bila utamu, stevia kidogo ni sawa. WHO walipotoa onyo lao la 2023 kuhusu vitamu visivyo sukari walikuwa wanaongelea kudhibiti uzito na kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na wenye tayari wana ugonjwa wa sukari hawakuhesabiwa kwa hilo.

Lakini msinipige mawe, ule mkate nao ni shida. Silesi mbili nyeupe na jemu safi kabisa bado zitakupandisha. Shosh tulimwachia silesi moja ya brauni na yai juu yake, jemu kijiko kimoja, na safari iliyofuata kitabu kilikuwa kinasoma 9 baada ya chai.

Wenye figo nisikizeni kando, hii yenu si ile ya wenye sukari. Chia zina potasiamu na fosforasi, kwa hivyo kama umeambiwa upunguze hizo, shikisha na kornfulawa kijiko kidogo kilichokorogwa na maji baridi, na kama una sukari pia hiyo wanga ihesabu. Matunda yenu ni nanasi, tufaha, peari, stroberi. Pasheni, mapera na ndizi potasiamu iko juu, na lile tunda la nyota usiguse hata kidogo, lina sumu ambayo figo mbovu haiwezi kuitoa. Mkitumia jelatini kushikisha jemu, nanasi lichemke kwanza manake likiwa halijapikwa lina kimeng'enya kinaitafuna jelatini yote, unaamka asubuhi unakuta sharubati kwa friji.

Na hii haikai. Hakuna sukari ya kuilinda, kwa hivyo chupa iliyochemshwa, kijiko kikavu, friji, wiki moja basi. Ukiona kuvu usikwangue juu ukala chini, mwaga yote. Ukitaka ya mwezi igandishe kwa ile trei ya barafu, kila asubuhi unatoa kimoja. Shosh hana friji, kwa hivyo yeye huchuma kiganja kimoja cha forosadi hapo kwa ua, anapika jioni kwa sufuria ya mtoto, anafunika bakuli na kuliweka ndani ya karai la maji baridi, anakula ya jioni na ya kesho asubuhi. Kesho jioni anachuma zingine.