Victor Frankenstein Anajuta Sana, Ila Hawajibiki

Insha nyingi kuhusu Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley, husema kosa la Victor, msomi anayeumba kiumbe hai, ni kuingilia kazi ya Mungu. Jibu hilo si baya, ila halikufikishi mbali, kwa sababu kiumbe alichokiumba hakizaliwi na ubaya wowote. Kinachorudiwa sura baada ya sura ni jambo jingine: mtu mwenye majuto tele ambaye, kila inapofika zamu yake ya kutenda, anakaa kimya au anakimbia. Tenganisha kujuta na kuwajibika, kisha soma upya.

Kabla ya yote, jua umeshika toleo gani. La kwanza lilitoka London tarehe 1 Januari 1818, juzuu tatu, bila jina la mwandishi. La 1831 lilifanyiwa marekebisho na Mary Shelley mwenyewe. Njia ya haraka ya kuyatofautisha ni kumwangalia Elizabeth, mchumba wa Victor: akiwa binti wa shangazi yake Victor, hilo ni la 1818, akiwa mtoto aliyechukuliwa kutoka familia maskini ya Italia, ni la 1831. Tofauti hii si ya kupamba. Mwishoni mwa sura ya 2 ya toleo la 1831 Victor anasema majaliwa yalikuwa na nguvu kuliko yeye na yalikwisha kuamua maangamizi yake. Wapo wanaoinukuu sentensi hiyo kama msimamo wa mwandishi. Mimi naisoma kama utetezi wa mshtakiwa: anayeisema ni Victor, yuko mgonjwa melini, na msikilizaji wake, nahodha Walton, anamstahi mno. Namba za sura ninazotumia hapa ni za 1831.

Sura ya 4 ndiyo wengi huiruka wakikimbilia usiku wa kuumba. Isome polepole. Victor anakaa Ingolstadt, mji wa Ujerumani anakosoma, zaidi ya miaka miwili bila kwenda nyumbani Geneva, anafanya kazi katika chumba cha juu kabisa kilichotengwa na vingine kwa ujia na ngazi, na barua hazijibu. Anakumbuka baba yake alivyomwambia kwamba akikatiza barua, itachukuliwa kuwa na majukumu yake mengine ameyatupa. Kutengwa kwa Victor basi ni kwa kujitakia. Hapohapo kuna jambo dogo lenye uzito mkubwa: kwa nini kiumbe ana urefu wa futi nane, yaani kama mita 2.4? Kwa sababu viungo vidogo vilikuwa vinamchelewesha, akaamua kutengeneza vikubwa. Umbo litakalomfanya kiumbe akimbiwe na kila mtu lilitokana na haraka ya fundi. Kiumbe anatengwa kabla hajafumbua macho.

Katika sura ya 5 anayafumbua, na Victor anatoka mbio. Anarudi kulala, anaota Elizabeth akigeuka maiti ya mama yake, anaamka na kumkuta kiumbe amefunua pazia la kitanda, anatoa sauti zisizoeleweka huku amenyoosha mkono mmoja. Victor anadhani anataka kumkamata. Hakuna ushahidi wa hilo zaidi ya hofu yake, na kiumbe mwenyewe wakati huo hajui hata kutofautisha mwanga na sauti. Asubuhi Victor anarejea na rafiki yake Clerval, anakuta chumba kitupu, anapiga makofi kwa furaha. Hajiulizi kiumbe kaenda wapi, amevaa nini, atakula nini.

Kesi ya Justine, sura ya 7 na 8, ndiyo kipimo halisi. Mdogo wake Victor, William, amenyongwa. Usiku wa radi huko Plainpalais, nje ya Geneva, Victor anamwona kiumbe na papo hapo anajua muuaji ni nani. Justine, mtumishi wa nyumbani, anakamatwa kwa sababu picha ndogo ya mama yao Victor, ambayo William alikuwa ameivaa, imekutwa mfukoni mwake. Victor ana sababu mbili za kunyamaza: ataonekana mwendawazimu, na hakuna awezaye kumkamata kiumbe anayepanda majabali yale. Tumpe haki yake, sababu ya pili ina ukweli. Lakini angalia anachofanya na majuto yake. Mahakamani anajiambia kwamba mateso ya mshtakiwa hayafikii yake, kwa kuwa Justine anashikiliwa na usafi wa moyo wake. Msichana anakwenda kunyongwa, na Victor anashindana naye kwa maumivu! Justine anakiri kosa asilolitenda kwa sababu padri amemtisha kwa kumtenga na kanisa na moto wa jehanamu. Victor anawasihi mahakimu wamwachie, lakini siri yenyewe inafia mdomoni.

Baada ya hapo majuto yanaongezeka na maneno yanabaki yaleyale. Akiwa na homa Ireland, Clerval ameshauawa, anapiga kelele kwamba ndiye aliyewaua wote. Anamwambia hivyo hata baba yake, ambaye anaona ni maradhi ya akili. Ndiyo aina ya kuungama aipendayo Victor: kubwa, ya uchungu, isiyo na maelezo ambayo mtu angeweza kuyafanyia kazi. Elizabeth naye anaahidiwa kuelezwa siri siku inayofuata harusi. Haioni siku hiyo.

Usiku wenyewe wa harusi unastahili kusomwa mara mbili. Kiumbe alikwisha kumwambia Victor, baada ya Victor kumrarua mke aliyekuwa anamuumbia katika kisiwa kimoja cha Orkney, Scotland, kwamba atakuwa naye usiku wa ndoa yake. Mbele ya macho yake ameharibiwa mwenzi. Kulipiza kwa mwenzi ndiko kusoma kwa wazi. Victor hata hafikirii hivyo. Anaamini anayelengwa ni yeye, anabeba bastola na jambia, anamwambia Elizabeth aende chumbani peke yake, kisha anazunguka korido za nyumba ya wageni akimtafuta adui. Mtu aliyejizoesha kuwa kitovu cha kila msiba hawezi kuona kwamba mwingine yuko hatarini.

Hakimu wa Geneva anaambiwa ukweli wote katika sura ya 23. Wakati huo William, Justine, Clerval, Elizabeth na baba mzazi wamekwisha kufa. Na hakimu anamsikiliza hadi mwisho.

Upande wa kiumbe, sura ya 11 hadi 16, msiteleze kwa kumfanya malaika. Wema wake ni wa kweli: usiku anawakusanyia kuni akina De Lacey, familia maskini anayojificha kando ya nyumba yao, anaondoa theluji, na anasubiri mzee kipofu abaki peke yake ili asikilizwe kabla ya kuonekana. Felix, mwana wa mzee huyo, anamcharaza fimbo. Anamwokoa msichana mtoni, anapigwa risasi. Lakini picha aliyoichukua kwa William anamtilia Justine makusudi, na anasema wazi kwamba ufundi huo wa kudhuru ameufunzwa na masomo ya Felix na sheria katili za wanadamu. Upweke unaeleza alivyofika hapo. Haumfuti jina kwenye orodha ya wahalifu, na yeye mwenyewe hadai hivyo. Anachouliza mwishoni ni kwa nini Felix na yule mwanakijiji mwenye bunduki hawahesabiwi kabisa.

Jozi bora ya kulinganisha katika insha iko sura ya 24. Victor, akikaribia kufa, anasema amepitia mwenendo wake na haoni cha kulaumiwa. Anakiri alikuwa na wajibu wa kumpa kiumbe furaha, kisha anauweka chini ya wajibu mkubwa zaidi kwa wanadamu. Kumbuka kwamba kule juu ya barafu, sura ya 10, alikiri kuuhisi wajibu wa muumba kwa mara ya kwanza, tayari watu wawili wakiwa kaburini. Kiumbe kwa upande wake anasema hakuna hatia ya kulinganishwa na yake, na anaondoka kwenda kujichoma.

Halafu kuna Walton, nahodha anayeandika haya yote kwa dada yake, na ambaye katika barua ya pili alilalamika hana rafiki. Anamfokea kiumbe kwamba ni mnafiki: ametupia nyumba mwenge, na sasa zimeteketea anakaa magofuni kuzililia. Ni shtaka sahihi kabisa, analitoa maiti ya Victor ikiwa mbele yake, na haimpitikii kwamba linamhusu marehemu.